Alisema "orijino", na hakusema uongo

Mzee wa Saa, shikamoo.

Nakusanya saa za zamani kwa mwaka wa sita sasa, na karibu kila ninachokijua nilifundishwa na mtu mmoja. Ni mtu mzima, rika la baba yangu, na ndivyo ninavyomwita: baba. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushika lenzi, akanikataza kufungua mfuniko wa saa kwa kisu, akanigombeza siku nilipopeleka saa ya marehemu babu ikang'arishwe ikarudi kona zake zimelika kama kipande cha sabuni.

Mwaka jana alianza kupunguza saa zake. Alikuwa na Omega Speedmaster, saa ya mkono yenye kipimamuda, ambayo nilikuwa naimezea mate tangu siku ya kwanza nilipoingia kwake. Akanipa niishike, akasema: "Mwanangu, hii ni orijino. Ndani ni mashine ya 321. Ni ya sitini na saba." Nikamlipa akiba yangu ya miaka miwili. Karatasi sikuomba. Baba unamwanzaje kumwomba karatasi?

Nimeivaa miezi minane kwa raha zangu. Halafu usiku mmoja nikaamka saa kumi alfajiri kunywa maji, nikaiona kwenye meza kando ya kitanda inawaka kijani kama jicho la paka. Kilichoninyima usingizi ni kwamba baba huyohuyo ndiye aliyewahi kunifundisha kuwa saa za miaka ile zimeshazimika.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine, akaifungua mbele yangu. Ndani ya mfuniko wa nyuma kumechongwa 145.012-67. Mashine ni 321 kweli, yenye rangi ya shaba, safi. Ila uso, akasema, si wake. Nembo ya Omega imechapwa kwa rangi, haijabandikwa. Ukingo wa uso ni bapa. Chini kabisa kumeandikwa SWISS MADE tu. Na kwenye ile pete nyeusi ya nje yenye namba za kupimia kasi, nukta ya 90 iko ubavuni mwa namba badala ya kukaa juu yake. Akaufunga mfuniko, akanitazama: "Hapa umepigwa, kaka."

Mzee, nimeuziwa feki? Nimwendee baba au ninyamaze? Fundi anasema ataweza kunitafutia uso wa zamani na mishale ya zamani, anibadilishie "irudi kuwa orijino". Mwenzangu wa kazini naye ananibembeleza nimuuzie, na anaamini yote ni ya 1967. Tena kioo kina mikwaruzo, fundi anataka kuniwekea cha yakuti ambacho hakikwaruziki. Nikubali?

Wako,
Niliyekosa Usingizi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Hukuuziwa feki. Hilo liweke pembeni kwanza, upate kulala. Fundi wako ana macho mazuri ila ana mdomo mwepesi. Alichokiona ni sahihi karibu chote, na neno alilolichagua kukieleza silo.

Tuanzie ndani. Mashine ya 321 ilibuniwa na kiwanda cha Lemania mwaka 1942, na Omega waliitumia kwenye Speedmaster za wakati ule mpaka 1968 walipoanza kuingiza ile ya 861. Tofauti yake unaweza kuiona mwenyewe saa ikiwa wazi. Bonyeza kitufe cha kuanzisha sekunde huku ukitazama: kwenye 321 kuna kigurudumu kidogo chenye nguzo zilizosimama wima, na kila ukibonyeza kinajizungusha hatua moja, kwa adabu. Kwenye 861 nguzo hizo hazipo, kuna kipande bapa kinachosukumwa huku na huku. Hata mapigo si sawa. 321 hupiga mara 18,000 kwa saa, 861 mara 21,600. Namba 145.012-67 nayo ni ya toleo lililotumia 321, hivyo mfuniko na mashine vinaelewana. Toleo hilo la 145.012 ndilo alilovaa mwanaanga Michael Collins mwaka 1969, alipobaki anauzunguka mwezi wakati wenzake wawili wameshuka. Kwa hiyo unacho kitu, kijana.

Mifuniko nayo huhama, tena kirahisi kuliko nyuso, kwa kuwa ni ya kufungua na kufunga tu. Safari nyingine saa ikiwa wazi, mwombe fundi akusomee namba ya mashine. Kwa saa za wakati ule ni tarakimu nane zilizochongwa kwenye mashine yenyewe. Iandike, ipige picha. Hiyo ndiyo namba inayobaki kwenye vitabu vya kiwandani.

Sasa uso. Nikisema "chini, kwenye sita", nasema pale ambapo kwenye saa nyingine kungekuwa na tarakimu 6. Nimeshawahi kumwambia mtu "angalia kwenye saa sita" akakodolea macho kule juu dakika nzima, na kosa halikuwa lake. Lugha yetu na uso wa saa havijawahi kupatana.

Keti karibu na dirisha asubuhi, shika saa kwa mkao wa kusoma, kisha ilaze polepole mpaka mwanga uje kwa ubavu. Kwenye uso wa 1967 utaona mambo mawili. Nembo ya Omega, kwa kuwa ni kipande cha chuma kilichobandikwa, hutupa kivuli chembamba kama uzi. Na kule pembeni, kabla uso haujafika kwenye kioo, kuna kingazi: ukingo unashuka kidogo, kama sahani iliyogeuzwa. Wako hauna kivuli wala hauna kingazi. Nembo ya kuchapwa ilianza kuenea mara tu baada ya 321 kuondoka, na kingazi nacho kikaondoka miaka ya kati ya 1970. Huo uso ni mdogo wa mashine yake kwa umri, na sana.

Ni mdogo kwa kiasi gani? Hapo ndipo macho ya paka yanapotoa ushahidi. Mwaka 1967 rangi ya kung'aa gizani ilikuwa na tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi, na tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Piga hesabu mpaka leo: haijabaki hata sehemu moja ya ishirini. Ukiimulika kwa tochi inaweza kuwaka kidogo, lakini ukizima tu inakufa. Ndiyo maana nyuso za tritiamu ziliandikwa T SWISS MADE T kule chini, hizo T mbili zikiwa tangazo kwamba kuna mionzi kidogo humu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Uswisi vikahamia rangi ya LumiNova na nduguye Super-LumiNova, ambazo hazina mionzi: hula mwanga mchana na kuutema usiku kucha. Uso wako hauna T na unawaka mpaka alfajiri. Maelezo hayo mawili yanakubaliana, na kukubaliana kwao ndiko kunakonifanya niuamini. Kama ungekuwa na T mbili na bado unawaka hivyo, ningekuwa na wasiwasi zaidi, maana hapo kuna mtu ameketi na brashi akajaza rangi mpya kwenye uso wa zamani.

Basi uso huu na mishale yake, kwa maelezo yako, ni mali ya Omega yenyewe, vilivyowekwa kwenye matengenezo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ile pete yenye nukta ubavuni mwa 90 huenda ilitangulia. Nukta ya juu iliachwa kiasi cha 1970, na pete ikichubuka mtu alibadilisha tu. Ni saa ya kazi, imetengenezwa kama chombo cha kazi. Kiwanda kikipokea saa yenye uso uliofifia kiliondoa uso, kikaweka mpya, kikairudisha inang'aa, na mwenye saa akashukuru. Hakuna aliyejua kwamba siku moja kijana ataamka saa kumi alfajiri aulilie ule uliotupwa.

Sasa niseme ninachotaka kukuambia hasa. Neno letu "orijino" limebeba mizigo miwili. Sokoni, orijino maana yake si feki. Kwa wakusanyaji, maana yake ni kwamba vipande hivi vyote vilitoka kiwandani pamoja, siku moja, na havijaachana. Saa yako ni orijino kwa maana ya kwanza na si orijino kwa maana ya pili. Rudia maneno ya huyo unayemwita baba: ni orijino, ndani ni 321, ni ya sitini na saba. Hakuna uongo hata mmoja mle. Shida ni kwamba hukumuuliza swali la pili, na yeye hakulijibu bila kuulizwa.

Ukitaka kujua swali hilo la pili linavyoweza kumtia mtu aibu, sikia hili. Novemba 2021, huko Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Speedmaster 2915-1, toleo la kwanza kabisa lililotoka 1957, yenye uso uliogeuka kahawia kwa uzee. Ilivuka faranga milioni 3.1 za Uswisi, na walioinunua walikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 Omega wakatangaza kwamba ile saa ilikusanywa kutoka kwenye saa mbalimbali, na kwamba watu waliowahi kufanya kazi kwao walihusika. Fikiria: kiwanda kilichoitengeneza, chenye vitabu vyake na wataalamu wake, kilinunua saa ya viraka. Na viraka vyenyewe, vingi havikuwa vitu vya mtaani. Ukitazama kipande kimoja kimoja kwa lenzi, unaweza kutikisa kichwa kukubali karibu mpaka mwisho. Ni ule mkusanyiko wao uliodanganya.

Ndiyo maana ofa ya fundi wako inanikuna. Anataka kukutafutia uso wa zamani wenye kingazi, mishale ya tritiamu iliyogeuka njano, na pete ya nukta juu, aviweke kwenye saa yako "irudi". Irudi wapi? Uso huo utatoka kwenye saa nyingine iliyokufa, haujawahi kuiona mashine yako. Utakachopata ni saa inayofanana na ilivyokuwa 1967, na hilo si kosa. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, na saa ile naivaa kwa upendo mkubwa. Kosa huanza siku unapoiuza ukaacha kusema. Halafu kuna hatari ya njiani: nyuso za zamani za Speedmaster na pete za nukta juu zinatafutwa mno, na kitu kinachotafutwa mno hakikosi wa kukiiga. Unaweza kutoa uso halali wa matengenezo ukaweka wa zamani ulio bandia. Ukiamua kubadilisha, angalia rangi ya kung'aa kwenye mishale na kwenye alama za uso: vilivyozeeka pamoja hukaribiana rangi, vilivyokutanishwa jana mara nyingi mmoja huwa krimu na mwingine chungwa. Na sharti langu moja kwa fundi ye yote: kila kipande kinachotoka kinarudi mkononi mwako, kwenye bahasha, hata kiwe kibovu.

Bahasha hiyo ndiyo inayonipeleka kwa baba.

Mwendee. Usimpigie simu, simu ina namna ya kugeuza swali likawa kesi. Nenda na saa, ivue, iweke mezani kati yenu, umwambie inawaka usiku. Kisha nyamaza. Mtu aliyekufundisha kwamba tritiamu imekufa hahitaji kuelezewa zaidi. Halafu muulize mambo mawili kwa upole: alipoinunua uso ulikuwa huu huu, na je, aliwahi kuipeleka matengenezo? Inawezekana kabisa aliipeleka yeye mwenyewe miaka ya 2000 ikarudi na sura mpya, na kwake ikabaki saa ileile, kama mtu anavyobaki yuleyule akivaa meno ya bandia. Wazee wengi wa rika letu tunawaza hivyo. Sisi tulitaka saa isome majira vizuri. Ninyi ndio mliokuja na lenzi na nukta za 90. Na kama aliipeleka, huenda uso wa zamani alirudishiwa, ukawa uko ndani ya droo mahali fulani. Nimeshaona hilo likitokea. Mtu anaulizwa, anakuna kichwa, anafungua droo ya dawa na betri zilizokwisha, anatoa kibahasha chenye uso mzima wa saa, akishangaa kwa nini unataka kulia.

Inawezekana pia alijua na akanyamaza. Sikufichi. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe niliuza saa iliyopakwa uso upya, na aliyenunua hakuuliza, na mimi nikajiambia kwamba macho anayo. Alirudi baada ya mwaka mmoja. Hakupiga kelele; aliiweka mezani akanionyesha kwa ncha ya kalamu herufi S kwenye SWISS iliyokaa mguu mmoja juu kuliko wenzake. Nilimrudishia fedha yake yote, na bado nikimwona mahali natafuta njia nyingine. Baba yako akiwa wa aina hiyo, utamjua kwa jinsi atakavyoitazama saa kabla hajakutazama wewe. Hapo una haki ya kuomba tofauti: bei ya saa yenye uso wake na bei ya saa yenye uso wa matengenezo zimeachana sana, na yeye anajua kuliko mimi na wewe. Aipunguze, au aichukue saa yake. Ukubwa wa mtu hauondoi deni lake.

Mwenzako wa kazini usimuuzie kwa sasa. Siku ukimuuzia, iwe saa imefunguliwa mbele yake, na karatasi yenye maneno haya au yanayofanana nayo: mashine 321 namba fulani, mfuniko 145.012-67, uso na mishale vya matengenezo baada ya tritiamu, pete si ya mwaka huo. Usiandike "orijino" popote. Akiendelea kuitaka baada ya kuyasoma, basi ni mnunuzi kweli, na atakuwa amenunua saa nzuri ya kuvaa. Kuhusu zile dondoo za kumbukumbu, yaani karatasi zinazonukuu vitabu vya kiwandani, ambazo baadhi ya viwanda vimekuwa vikizitoa: zinasema mashine yenye namba hii ilitengenezwa lini. Dondoo haijui ni uso gani umekaa juu ya mashine leo. Nimeona watu wakipunga karatasi ya namna hiyo kama cheti cha ndoa.

Kioo cha yakuti, hapana. Tena hapana kubwa. Kioo cha Speedmaster ya wakati ule ni plastiki ngumu iitwayo hesalite, ina mgongo unaopinda mwanga kwenye ukingo, na mikwaruzo yake hutoka kwa dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini, dakika kumi tu. Kabla hujafanya hivyo chukua lenzi, elekeza macho katikati kabisa ya kioo, geuza saa taratibu mpaka mwanga ukikate: utaona kialama cha Omega kidogo kuliko chembe ya mchanga. Kikiwepo, kioo ni cha Omega. Hakitakuambia ni cha mwaka gani, maana vya kubadilishia navyo wanavitia alama hiyo, lakini kwa sasa nadhani umeshazoea jibu la namna hiyo.

Na bodi yenyewe, usimruhusu mtu aiguse na mashine ya kung'arisha. Masikio ya Speedmaster, pale mkanda unaposhikia, yanajipinda kama ubao uliokunjwa, na mpindo ule una ukingo mkali unaoufuata kwa kucha. Kwa saa ya babu umeshalipa ada ya somo hilo.

Hujaniambia kama unaivaa kwenye maji. Usivae. Mipira yake ya kuzuia maji huenda ina umri wa uso wake.

Nitafutie picha mbili: ndani ya mfuniko, na mashine ikionyesha namba. Na ukishatoka kwa baba, niandikie kama kulikuwa na bahasha.